Miguu kutolingana baada ya kubadilishwa nyonga
Mgonjwa aliyewekewa nyonga bandia huweza kuhisi kwamba mguu uliofanyiwa upasuaji umerefuka. Mara nyingi mifupa haijatofautiana sana. Kinachomdanganya ni misuli iliyokaza na fupanyonga lililoinama upande mmoja kutokana na miaka ya kuchechemea. Kwa kawaida hisia hiyo hupungua katika miezi 3 hadi 6 ya mazoezi ya viungo. Kwa hiyo asiharakishe kuinua soli ya kiatu, mwili usije ukauzoea mwinamo huo. Tofauti halisi huthibitishwa kwa picha ya eksirei. Isiyozidi sentimita 1 wengi huivumilia. Inayozidi huweza kusawazishwa kwa soli nene zaidi katika kiatu cha mguu mfupi. Akipata ganzi, akishindwa kuinua unyayo au maumivu yakizidi, amwone daktari bila kukawia.