Mundu wa Mara ya Pili



Mwaka 1908, huko Gezeri, mji ambao zamani Farao alimpa binti yake, mke wa Sulemani, mchimbuzi R. A. S. Macalister alipata kibao kidogo cha jiwe la chokaa. Kiliandikwa karne ya 10 kabla ya Kristo; wengine hudhani ni zoezi la mtoto wa shule. Kinataja kazi za shamba kwa majira yake: kupanda, kuvuna shayiri, na baada ya mavuno ya nafaka, miezi miwili ya kupogoa mizabibu.

Hiyo ni Juni na Julai, wakati wa jua kali. Mzabibu ulikwisha kukatwa mara moja wakati wa baridi, ulipokuwa umelala bila majani. Sasa una zabibu changa, na mwenye shamba anarudi na mundu! Isaya 18:5 yataja kukata huko, maua yakiisha na kabla ya mavuno. Machipukizi mengi hunyang'anya matunda chakula na kuyazibia jua. Ninyi mlio na mikahawa mnayajua hayo.

Basi wale waliomsikia Bwana akisema habari za Yohana 15 waliijua miundu yote miwili. Tawi linalosafishwa pale ni lile lizaalo.

Mundu wa kwanza nauvumilia, kwa maana hunikuta sina kitu. Wa pili hunikuta kazi inasitawi, watoto wazima, kanisa limejaa. Huo, ndugu zangu, nauogopa bado.