Sare ya Bujumbura: kuipima upya mechi ya Burundi na Gabon, 23 Machi 2019

Ukimuuliza kijana yeyote wa Kirundi mwenye miaka ishirini na kitu tulifuzu vipi kwenda AFCON ya 2019, atakuambia Amissi alifunga. Muulize sasa, Amissi alifunga tukashinda ngapi? Hapo ndo anaanza kukuna kichwa, maana hatukushinda. Ilikuwa 1-1. Cédric Amissi alifunga dakika ya 76, na dakika ya 82 beki wetu Omar Ngando akajifunga. Bao tulilipata wenyewe, na tukalirudisha wenyewe.

Mimi nafanya kazi na vijana hapa kambini Nduta, wilaya ya Kibondo. Kila tukianza mashindano ya zoni hii mechi inarudi midomoni, na watu wanagawanyika. Kuna wanaosema ile ndiyo timu kubwa kuliko zote tulizowahi kuwa nazo. Kuna wanaosema ilikuwa bahati tu, tulibebwa. Halafu kuna wa tatu, hawa hawaongei kwa sauti, wanasema ile haikuwa timu yetu bali ya wale waliotufanya tuje huku. Nataka kuwajibu wote, ila naanza na mpira wenyewe, kwa sababu mpira una hesabu na hesabu haina chama.

Tulikuwa kundi C pamoja na Mali, Gabon na Sudan Kusini. AFCON ya Misri ilikuwa ya kwanza kuwa na timu 24, zamani zilikuwa 16, kwa hiyo kila kundi lilitoa timu mbili. Mali walimaliza na pointi 14, sisi 10, Gabon 8, Sudan Kusini hawakupata hata moja. Burundi ilicheza mechi sita bila kupoteza: ilishinda mbili, ikatoka sare nne. Hao wanaosema tulibebwa wanashika hapo kwenye timu 24, na kweli, kwa utaratibu wa zamani nafasi ya pili ilikuwa haina uhakika. Lakini Gabon nao walicheza kwa utaratibu huohuo, wakiwa na Aubameyang, na wakabaki nyumbani.

Kuna hesabu nyingine ambayo wapenzi wa timu hawaipendi. Katika mechi sita tulifunga mabao 11. Manane kati ya hayo tuliwafunga Sudan Kusini, 3-0 Bujumbura mwaka 2017 na 5-2 Juba Novemba 2018. Yanabaki mabao matatu tu kwa mechi nne dhidi ya Mali na Gabon. (Sudan Kusini nao ni ndugu zetu wa maturubai, waulize walioko Kakuma na Bidibidi, kwa hiyo sitawacheka.) Mtu akikuambia ile timu ilikuwa inashambulia vizuri, mwonyeshe hayo matatu. Haikuwa timu ya kushambulia. Ilikuwa timu ngumu kufungika, chini ya kocha wa nyumbani, Olivier Niyungeko, na upande wa pili wa hesabu unamtetea: Mali na Gabon wakijumlishwa pamoja, mechi nne, nao walipata mabao matatu tu kwetu. Na moja kati ya hayo ni la Ngando.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Kabla ya mechi sisi tulikuwa na pointi 9, Gabon 7. Sisi sare ilitutosha. Gabon walitakiwa kushinda, wakishinda wanafika 10 na sisi tunabaki na 9, safari imeisha. Ukiisoma mechi kwa macho hayo, dakika 75 za 0-0 ambazo watu wanazilaumu, eti timu iliogopa, zilikuwa ni dakika 75 ambazo Burundi ilikuwa imefuzu. Anayetakiwa kukimbia ni yule mwenye njaa. Gabon ndio walikuwa na njaa, na walimaliza dakika tisini za Bujumbura bila mchezaji wao hata mmoja kutufunga.

Lakini sitaki kusema tulicheza vizuri. Timu inayoongoza 1-0 nyumbani, ikiwa imebaki robo saa, haitakiwi kukaa dakika sita tu ikajifunga. Toka dakika ya 82 mpaka filimbi, kati yetu na kubaki nyumbani lilikuwepo bao moja tu. Wangefunga, leo hatungekuwa na jina la Amissi midomoni, tungekuwa na la Ngando, na kijana wa watu angeishi nalo maisha yake yote kama baadhi ya mabeki wanavyoishi na majina yao. Bao la Amissi ndilo lililolipa deni la Ngando kabla halijadaiwa. Uchezaji wa siku ile mimi naupa tano kwa kumi. Akili ya siku ile naipa nane.

Ila mimi nasema hatukufuzu siku ile. Tulifuzu Libreville, tarehe 8 Septemba 2018, na hili ndilo ambalo wadogo zangu hawalijui kabisa.

Mechi ile pia iliisha 1-1, na bao letu alifunga Saido Berahino, mechi yake ya kwanza kuvaa jezi ya Burundi. Toa hilo bao uone. Gabon wanashinda nyumbani kwao, wanaongeza pointi mbili, sisi tunapoteza moja. Maana yake tarehe 23 Machi wangekuja Bujumbura wakiwa na 9, sisi tukiwa na 8, na ile 1-1 tuliyoshangilia ingewapeleka wao Misri. Matokeo yaleyale, machozi tofauti. Mwezi mmoja baadaye tukaenda Bamako tukatoka 0-0 na Mali, timu iliyokuja kuongoza kundi. Mechi kama hiyo haina bao la kukumbuka, haina picha ya kubandika ukutani, ndo maana hakuna anayeiongelea. Na Novemba, wikendi tuliyoshinda Juba, Mali walikwenda Libreville wakawafunga Gabon 1-0 kwao. Kabla ya wikendi hiyo Gabon walikuwa na 7 na sisi 6. Baada yake sisi 9, wao wamebaki na 7 yao. Kwa hiyo kama kuna mtu alitubeba, ni Mali, na hata yeye alitubeba baada ya sisi kujishika wenyewe Bamako.

Huyu Berahino ni nani? Alizaliwa Bujumbura Agosti 1993. Baba yake aliuawa vitani mwaka 1997. Alifika Uingereza akiwa na miaka kumi, mkimbizi, kumfuata mama yake ambaye alitangulia. Huko alikua na West Bromwich Albion, akachezea timu za vijana za Uingereza mpaka ya chini ya miaka 21, na mwaka 2014 aliitwa hata timu kubwa ya Uingereza lakini hakucheza. Miaka minne baadaye akachagua Burundi. Watu wanasema alirudi kwa sababu huko mambo yalikuwa yamemwendea vibaya. Inawezekana. Lakini bao halina sababu, lina mfungaji.

Na si yeye peke yake. Gaël Bigirimana, kiungo, naye alizaliwa Burundi, akapita Uganda na familia yake, kisha Coventry, na baadaye akafika Newcastle. Amissi mwenyewe njia yake ya kazi ilipita Rayon Sports ya Rwanda, Msumbiji, Ureno, Saudi Arabia. Fiston Abdul Razak, aliyefunga mabao sita kwenye safari ile ya kufuzu, zaidi ya nusu ya mabao yetu yote, alizunguka Kenya na Afrika Kusini, na mwaka 2021 alikuja hapa Tanzania, Yanga. Ukichora njia za wachezaji wale kwenye ramani, utafikiri unachora njia za familia za hapa kambini. Jina la timu ni Intamba mu Rugamba, yaani mbayuwayu vitani. Mbayuwayu ni ndege wa kuhama, sijui aliyetoa jina aliliwaza hilo.

Nchi yetu imezoea pia kuwapoteza watu wa namna hiyo. Shabani Nonda alizaliwa Bujumbura, akapita Yanga, akafika fainali ya Klabu Bingwa Ulaya 2004 akiwa na Monaco. Timu ya taifa aliyoichezea ni Kongo. Kwa hiyo Berahino kurudi si jambo dogo, ni kama mto kupanda mlima.

Hapo sasa ndo nageukia wale wa upande wa tatu, ambao nawaheshimu zaidi ya wote kwa sababu hoja yao haitoki kwenye mpira. Wengi wetu tulifika Kigoma mwaka 2015, baada ya ule muhula wa tatu. Rais wa wakati ule, Pierre Nkurunziza, alikuwa mtu wa mpira kwelikweli. Alisomea michezo, akaifundisha, akawa na timu yake ya Haleluya FC akiicheza yeye mwenyewe akiwa Rais. Kwa hiyo mpira na Ikulu vilikuwa havikai mbalimbali. Mwezi Mei 2018 ilikuwa kura ya katiba, Septemba ikawa Libreville, Machi ikawa Gabon. Mtu aliyepoteza ndugu yake, ukimwambia ashangilie bendera ileile, unamwomba kitu kikubwa.

Na kushangilia kwenyewe kulikuwa na bei. Mwaka 2019 magari ya kurudisha watu kwa hiari yalikuwa yanaondoka. Jumamosi ile vijana walipokimbia barabarani wakipiga madumu, kuna watu wazima waliwazuia, si kwa sababu hawakufurahi. Waliogopa neno moja: “Si mnaipenda, rudini basi.” Na lilisemwa kweli, mimi nililisikia kwa masikio yangu sokoni Jumatatu. Kesho yake ya mechi yetu, Jumapili, Tanzania nayo iliifunga Uganda 3-0 ikafuzu kwa mara ya kwanza tangu 1980, na Kibondo nzima ikalipuka. Wenyeji walishangilia bila mtu kuwauliza swali. Sisi tulishangilia mara mbili, ya pili kwa sauti zaidi, maana ile ya Taifa Stars ilikuwa haina gharama.

Kwa hiyo nawajibu hivi. Timu ya taifa ikishinda, wakubwa watapiga nayo picha, hilo haliepukiki na si kwetu tu. Lakini pointi ya Libreville hawakuipata wao. Ilipatikana kwa mguu wa mtoto aliyekimbia. Mtu akikuuliza ile timu ni ya nani, hesabu ya kundi C iko pale, ipige mwenyewe.

Misri sitakaa sana. Tulifungwa 1-0 na Nigeria, 1-0 na Madagaska, 2-0 na Guinea. Mechi tatu, hakuna bao. Watu walishangaa, mimi sioni cha kushangaa: timu iliyofunga mara tatu katika mechi nne dhidi ya Mali na Gabon, ilikwenda Misri ikiwa na sura ileile. Ugumu ule uliotutoa Bamako ukiwa na pointi, kwenye mashindano unakufikisha mpaka dakika ya 76 au 77, halafu wanakufunga moja na wewe huna cha kurudisha. Toka hapo hatujarudi AFCON.

Guinea kutufunga kuliniuma kwa sababu nyingine. Mwaka 1993 Burundi ilikaribia kufuzu kwenda AFCON ya 1994 Tunisia, ikatolewa kwa penalti, na waliotutoa walikuwa haohao Guinea. Mwaka huohuo, tarehe 21 Oktoba, Rais Ndadaye aliuawa na nchi ikaingia vitani. Vijana wetu wa chini ya miaka 20 walikwenda Kombe la Dunia Qatar mwaka 1995 huku nyumbani risasi zinalia. Hawa wa 2019 wana picha, wana video kwenye simu. Wale wa 1993 hawana kitu.

Kuna mzee kwenye zoni yetu alikuwa anaifuata ile timu akiwa kijana Buyenzi. Kila Jumatano jioni nakwenda kwake na daftari, yeye anataja majina na sehemu waliyocheza, mimi naandika. Mpaka sasa tuna majina manane. La beki wa kushoto anabishana nalo na mke wake, kila mmoja ana lake, nimeyaandika yote mawili kwa penseli.