Hila au Hali ya Kampuni? Historia ya Kushuka kwa Bei za Hisa Dar es Salaam

Soko la Hisa la Dar es Salaam, DSE, liliandikishwa kama kampuni Septemba 1996, na mauzo yakaanza Aprili 15, 1998. Siku hiyo ubaoni kulikuwa na kampuni moja tu, Tanzania Oxygen Limited (TOL), inayotengeneza gesi za viwandani na za hospitali. Umma ulikuwa umeuziwa hisa zake kwa shilingi 500. Muda si mrefu bei ikawa chini ya hapo, na ikakaa huko miaka mingi. Kwa hiyo swali la nani au nini kimeshusha bei lina umri sawa na soko lenyewe. Kwa TOL jibu lilikuwa wazi: kampuni ilikuwa na madeni na hasara, na gawio halikuonekana. Hakuhitajika mtu wa kuchezea bei.

Kampuni zilizofuata zilikuwa na afya bora, na nyingi zilitoka katika mashirika ya umma yaliyobinafsishwa. Tanzania Breweries (TBL) iliingia sokoni Septemba 1998. Mwaka 2000 ikaingia Kampuni ya Sigara, TCC, ambayo kiwanda chake cha Chang'ombe, Temeke, kilikuwa kimeshapata mwekezaji wa nje tangu 1995. Mwaka 2006 ikafika zamu ya Twiga Cement, yenye kiwanda Wazo, upande wa Kinondoni, kilichoanza kutoa saruji mwaka 1966. Wakazi wa pembezoni mwa jiji walizijua kampuni hizi kwa bidhaa na ajira zake kabla ya kujua kwamba zina hisa. Hata hivyo sehemu kubwa ya hisa ilibaki mikononi mwa wenye kampuni wa nje na taasisi chache, hasa mifuko ya pensheni. Zilizobaki kwa watu wa kawaida zilikuwa chache, na aliyezipata alizihifadhi kama mwenye kiwanja, akisubiri gawio.

Dar es Salaam Community Bank, DCB, ndiyo iliyowafikia zaidi watu wa uswahilini. Ilianza kazi mwaka 2002, na waanzilishi wake wakuu walikuwa Halmashauri ya Jiji pamoja na manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, kwa lengo la kuwakopesha wenye kipato cha chini ambao benki kubwa hazikuwaona. Septemba 2008 ikawa benki ya kwanza kuorodheshwa DSE. Novemba mwaka huohuo benki ya NMB ikaorodheshwa baada ya Serikali kuuza asilimia 21 yake kwa shilingi 600 kwa hisa, na Juni 2009 benki ya CRDB ikaorodheshwa baada ya kuuza kwa shilingi 150. Miaka hiyo miwili iliwafanya walimu, wafanyabiashara wadogo na wastaafu wengi kuwa wanahisa kwa mara ya kwanza.

Kanuni za mwaka 2003 ziliwaruhusu wageni kununua hisa, lakini kwa pamoja wasizidi asilimia 60 ya kampuni moja. Ukomo huo uliondolewa mwaka 2014. Fedha za nje zilipoingia zilikuta hisa zinazouzwa ni chache, na bei zikaruka. TBL ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Mwishoni mwa 2011 East African Breweries iliuza asilimia 20 iliyokuwa nayo kwa shilingi 2,060 kwa hisa, na kufikia 2014 hisa hiyohiyo ilikuwa imepita 10,000. Faida ya kampuni ya bia ilikua, ni kweli, lakini haikukua mara tano kwa miaka mitatu. Anayetaka kuelewa kushuka kulikofuata aanzie kwenye kupanda huku.

Bei zilianza kulegea kuanzia 2015, na mwaka uliofuata karibu soko zima lilikuwa likiteremka. Vijiweni na kwenye ofisi za madalali maelezo yalikuwa mengi: wageni wanatoa fedha zao, wakubwa wanashusha bei ili wanunue kwa bei ya kutupa, Serikali inabana matumizi. La kwanza na la tatu yalikuwa na ukweli. La pili ndilo lililopendwa zaidi.

CRDB inatosha kulipima. Mwaka 2015 benki iliwauzia wanahisa wake hisa za nyongeza kwa shilingi 350. Mwaka huo ilipata faida ya takriban shilingi bilioni 128. Mwaka 2016 faida ikashuka hadi karibu bilioni 74, na 2017 hadi karibu bilioni 36. Sababu zilijulikana. Mikopo chechefu katika sekta nzima ya benki ilipita asilimia 10, wakati Benki Kuu ilitaka isizidi 5. Amana za taasisi za umma zilihamishiwa Benki Kuu kwa amri ya Serikali, nazo benki za biashara zilikuwa zimezizoea fedha hizo kwa kuwa zilikuwa rahisi. Wakopaji waliotegemea zabuni za Serikali walichelewa kulipwa, nao wakachelewesha marejesho. Kufikia 2019 hisa ya CRDB iliuzwa kwa takriban shilingi 95, chini ya bei ya 2009. Aliyenunua kwa 350 alikuwa amebaki na chini ya theluthi moja ya fedha yake, na ni vigumu kumlaumu kwa kuhisi ameibiwa. Lakini hesabu za benki zilikuwa zimetangazwa magazetini kila robo mwaka, na zilikuwa zikisema jambo lilelile ambalo bei ilisema.

Saruji ilikuwa na kisa chake. Mwishoni mwa 2015 kiwanda cha Dangote kilianza kazi Mtwara kikiwa na uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, na bei ya mfuko ikashuka madukani. Furaha ya anayejenga Mbagala au Bunju ilikuwa hasara ya mwenye hisa za Wazo. Tanga Cement, iliyokuwa imekopa kujenga tanuri jipya, iliumia zaidi, na hisa yake ikapoteza sehemu kubwa ya thamani.

DCB ilishuka polepole zaidi. Kukopesha watu wengi mikopo midogo ni kazi ya gharama, na matakwa ya mtaji yalipopanda benki ililazimika kurudi kwa wanahisa kuomba fedha. Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki 5 ndogo kwa upungufu wa mtaji, na mashaka yakatanda juu ya benki zote za aina hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 hisa ya DCB ilikuwa chini ya shilingi 200.

Hizo zilishuka na sababu zake zinaonekana. Ugumu wa soko la Dar es Salaam uko kwenye hisa ambazo hazikushuka. Precision Air iliuza hisa mwaka 2011 kwa shilingi 475, na katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2013 ikapata hasara kubwa. Kwa miaka kadhaa bei ubaoni ilibaki karibu na ileile ya kuuzia, kwa sababu hakukuwa na mnunuzi wala mauzo ya kuibadilisha. TBL ilikwama kwenye shilingi 10,900 kwa muda mrefu. Vodacom Tanzania iliuza hisa kwa 850 mwaka 2017, kwa matakwa ya sheria iliyozitaka kampuni za simu kuuza asilimia 25 kwa umma. Ilipata hasara miaka miwili mfululizo, 2021 na 2022, lakini bei ikatulia karibu na 770. Mwenye hisa hizo aliyetaka kuuza kwa haraka aligundua kwamba bei ya ubaoni haina mtu nyuma yake. Kasoro hii huumiza kimyakimya kuliko kushuka kwenyewe, na watu huilalamikia kidogo mno.

Acacia, kampuni ya dhahabu iliyokuwa imeorodheshwa London na Dar es Salaam, inaonyesha tofauti hiyo. Machi 2017 Serikali ilipozuia usafirishaji wa makinikia, hisa zake London ziliporomoka mara moja, kwa kuwa huko kulikuwa na wauzaji na wanunuzi wa kutosha kuipa habari ile bei.

Soko lenye mauzo haba namna hii ni rahisi pia kuchezewa, na hapa wenye shaka wana hoja. Oda moja ndogo inaweza kuweka bei ya kufungia siku, na bei hiyo ndiyo inayotumika kuthamini mamilioni ya hisa zilizolala. Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya 1994 inakataza mauzo ya uongo, kupanga bei na kutumia taarifa za ndani, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, ndiyo yenye kuisimamia. Kisa kikubwa zaidi cha nidhamu DSE, hata hivyo, hakikuhusu bei kuchezewa. Kampuni ya uwekezaji ya NICOL, iliyoorodheshwa 2008, iliondolewa 2011 kwa matatizo ya uongozi na hesabu, ikarudi 2018. Waliofungiwa nje miaka hiyo yote walikuwa wanahisa wadogo. Kama kuna hila iliyowaumiza Watanzania wengi sokoni, ilikaa ndani ya vyumba vya bodi, mbali na ubao wa bei.

Soko la hisa la Nairobi nalo lilipitia kushuka kwa bei, kwa kasi zaidi. Hisa za kampuni ya simu ya Safaricom ziliuzwa 2008 kwa shilingi 5 za Kenya, na mapema 2009 zikawa chini ya 3, ingawa kampuni ilikuwa ikipata faida. Wengi walikuwa wamekopa kununua wakitarajia kuuza upesi, na wote walikimbilia mlango mmoja wakati dunia ikiwa katika msukosuko wa fedha. Huko hali ya kampuni haikueleza kushuka, wala njama haikuhitajika.

Dar es Salaam, kwa upande wake, faida ya CRDB ilirudi hadi karibu bilioni 120 mwaka 2019, ikapita bilioni 260 mwaka 2021 na bilioni 400 mwaka 2023. Bei iliifuata kwa kuchelewa, na mwaka 2024 hisa iliyokuwa ya shilingi 95 ilipita 600.