Bangi ilikuwa kwa kabati ya daktari kabla iwe kesi ya polisi

Kwa hii mada ya bangi na maumivu sugu kuna kambi mbili. Moja inasema ni mmea wa shetani. Ingine inasema inatibu kila kitu, ni vile tu mabeberu waliificha. Wasee, historia haiko upande wa yeyote.

Anza na jina lenyewe. "Bangi" ilivuka bahari kutoka India, ambako huitwa bhang. Huko ndiko daktari wa Ireland, William O'Shaughnessy, aliipata. Mwaka 1839 akiwa Calcutta alieleza vile aliijaribu kwa wanyama kwanza, kisha akawapa wagonjwa wa baridi yabisi na pepopunda. Aliona maumivu yakipungua na misuli ikilegea. Kufikia 1850 ilikuwa kwenye orodha rasmi ya dawa Marekani, inauzwa kwa chupa kama dawa ya kawaida.

Sasa mbona ikapotea? Siasa ilikuwepo, ndio. Mwaka 1925 kule Geneva, mjumbe wa Misri ndiye alisukuma bangi iingizwe kwenye mkataba wa kasumba. Mwaka 1937 Marekani ikaibana kwa ushuru, na 1942 ikaitoa kwenye ile orodha. Lakini sokoni ilikuwa imeanza kushindwa kitambo. Bangi haiyeyuki kwa maji, so huwezi kuidunga na sindano kama mofini. Chupa moja inakuangusha, ingine ni kama chai. Daktari atapima dozi aje? Halafu 1899 aspirini ikaingia, na hiyo dozi yake inajulikana.

Sayansi ilirudi 1964, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni wa Israeli walipotenga THC. Mwaka 1992 ikagunduliwa kuwa mwili wetu hutengeneza kemikali inayofanya kazi kama hiyo. Wakaiita anandamide, kutoka neno la Kisanskriti la furaha kuu. Kwa hivyo si uchawi, mwili uko na njia yake. Lakini 2021, chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, IASP, kilisema ushahidi bado hautoshi kuziunga mkono hizi dawa. Kuwa na njia mwilini si sawa na kutibu.

Na sisi? Desemba 2020, UN ilipiga kura kuitoa bangi kwenye kundi kali zaidi la mkataba wa 1961. Ilipita 27 kwa 25. Kenya ilisema la.

Hapo ndipo naumia. Tunabishana kuhusu wavutaji, na mgonjwa wa selimundu au saratani, anayelala akilia, hakuna anayemtaja. Yeye hahitaji kambi. Anahitaji utafiti, dozi na daktari anayeweza kuongea bila uoga.

Na kabla ununue mafuta ya CBD kwa msee wa mtandaoni, uliza kipimo. Akikosa jibu, hiyo ni chupa ya 1850 iliyobandikwa lebo mpya.