Mabamba ya Hogarth: Tarehe ya Shaba Iliyolisha Nyumba

William Hogarth alizaliwa London mwaka 1697, na kabla ya kuwa mchoraji alifundishwa kutia nakshi vyombo vya fedha. Ndiyo maana alielewa mapema kwamba picha ya rangi huuzwa mara moja, bali bamba la shaba ni mnazi: mwenye nalo huvuna kila msimu. Mistari huchimbwa kwa kalamu ya chuma, wino hujazwa humo, uso hufutwa, kisha karatasi iliyoloweshwa hugandamizwa kwa mtambo.

Mavuno hayo yalivutia wezi. Picha zake za mwaka 1732 ziliigwa na kuuzwa ovyo, naye akaungana na wenzake kulipeleka shauri Bungeni. Sheria ya 1735 ikawapa wachonga picha ulinzi wa miaka 14.

Mwaka 1750 alikamilisha picha ya askari wa mfalme wakielekea Finchley kuilinda London dhidi ya uasi wa 1745. Bamba lake lilichongwa na Luke Sullivan. Nakala iliuzwa shilingi 7 na peni 6. Aliyeongeza shilingi 3 alipata tiketi ya kuishindania picha yenyewe. Kati ya tiketi 2,000 zilinunuliwa 1,843, na zilizosalia Hogarth akazitoa kwa Foundling Hospital, makao ya watoto waliotelekezwa. Makao hayo ndiyo yaliyoshinda, na picha ingali katika jumba lao la makumbusho. Bamba lilibaki kwa Hogarth.

Alipofariki mwaka 1764, mabamba yalimwendea mkewe, Jane. Muda wa ulinzi ulipokuwa ukiyoyoma, sheria ya 1767 ilimwongezea mjane huyo miaka 20, naye akaendelea kuuza nakala hadi kifo chake mwaka 1789.

Mrithi wake, binamu yake Mary Lewis, ndiye aliyeyauza. Mnunuzi, John Boydell, mfanyabiashara mkubwa wa picha, alikubali kumlipa pauni 250 kila mwaka maisha yake yote, na mwaka 1790 akatoa toleo lake. Shaba huchakaa kwa kuchapwa, hivyo kabla ya toleo la 1822 James Heath aliichonga upya mistari iliyofifia.

Katika ukoo huu wote wa mauzo, mapatano ya Mary Lewis ndiyo ninayowausia wasanii wetu. Kitu kizaacho kila mwaka hakistahili bei ya siku moja. Anayekihitaji na alipe kila mwaka.