Anwani moja, sura mbili: ubishi uliozaa jibu la 303

Mwaka 1991 wavuti ilikuwa kama mgahawa wenye chakula kimoja. Kivinjari kikiomba ukurasa, seva inaleta HTML, basi. Hakuna kuulizana.

Dawa ilitoka kwenye barua pepe. Juni 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walichapisha MIME, utaratibu wa kuipa kila aina ya data jina lake: text/plain, image/gif na mengineyo. Itifaki ya HTTP ikayachukua majina hayo. Kivinjari kinataja kwenye mstari wa Accept aina kinazotaka, seva inachagua na kujibu. Ukweli ni kwamba vivinjari vingi vikazoea kuandika */*, yaani “leta chochote”, na hapo hakuna mapatano tena.

Waliolichukulia jambo hili kwa uzito ni watu wa data unganishi. Wao walitaka anwani itaje kitu chenyewe, si ukurasa tu. Sasa hapa ndipo kichwa kilipouma. Tuseme anwani inataja jiji la Berlin, na seva inajibu 200, “hiki hapa ulichoomba”. Jamani, jiji linapita kwenye waya? Linalofika ni faili. Na programu inayokusanya taarifa haina akili ya kutofautisha: itaandika kwamba Berlin ina kilobaiti kadhaa na imehaririwa jana.

Ubishi huo, uliopewa jina kavu la httpRange-14, ulianza 2002 ndani ya W3C na kuamuliwa Juni 2005. Seva ikijibu 200, anwani ni ya waraka. Ikijibu 303, “tazama kwingine”, anwani inaweza kuwa ya kitu chochote, hata jiji.

DBpedia, iliyoanza 2007, inafanya hivyo. Omba dbpedia.org/resource/Berlin kwa kivinjari, utaelekezwa kwenye /page/Berlin, ukurasa wa kusomwa na binadamu. Programu ikiomba RDF inaelekezwa kwenye /data/Berlin. Jiji linabaki na anwani yake, nyaraka na zao.

Gharama yake ni safari mbili kwa kila ombi, na wengi waliilalamikia, kwa haki kabisa ukiwa na anwani milioni za kupitia. Wengine wakakimbilia alama ya #, kwa sababu kinachoifuata hakitumwi kwa seva kabisa. Mimi naona 303 ni safi zaidi, ila simlaumu aliyechoka kusubiri.