Mtoto wa Butiama na Lugha ya Moyo

Mtoto wa Unguja huitikia "pakawa" kabla hajajua kuhesabu hadi kumi. Hofu ya zimwi, wivu wa mama wa kambo na furaha ya ushindi wa sungura humfikia kwa lugha ile ile atakayoikuta ubaoni. Mtoto wa Mara sivyo. Vijijini Butiama husikia kwanza Kizanaki. Kandokando ya ziwa, toka Musoma hadi Bunda, husikia Kijita. Na Bunda kwenyewe mna Kiikizu na Kisukuma pia. Kiswahili humngojea mlangoni mwa shule.

Mfano mashuhuri ni wa Kambarage, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito na Mugaya Nyang'ombe. Jina lake lenyewe lilikuwa kisa: alizaliwa siku ya mvua kubwa, akaitwa kwa jina la mzimu wa mvua. Hadi alipofika miaka 12, shule yake ilikuwa machungani. Mchunga mbuzi mdogo huijua hofu pale mmoja apoteapo na jua linatua. Aibu huijua afikapo nyumbani na hesabu pungufu. Mchana kutwa hufinyanga ng'ombe wa udongo, akawapa majina, akawaombolezea wavunjikapo. Kambarage alikuwa pia hodari wa bao, na husimuliwa kwamba uhodari huo ndio uliomfanya Mtemi Ihunyo wa Busegwe, rafiki wa baba yake, ashauri kijana apelekwe shule. Bao ni mwalimu mkali wa hasira: aliyeghadhibika hupotewa na hesabu ya kete.

Mwaka 1934 aliingia Shule ya Mwisenge, Musoma, yapata kilomita 40 kutoka kwao. Huko ndiko alikojifunzia Kiswahili. Basi mtu aliyekuja kumfasiri Shakespeare mara mbili, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, kisha akazitia Injili katika tenzi, lugha hiyo hakuipata pamoja na maziwa ya mama. Wapenzi wa ushairi wa pwani husahau jambo hili upesi mno. Uchungu wa Shylock aliutafutia maneno katika lugha ya darasani, lakini uchungu wenyewe aliujua tangu machungani.

Elimu ya Kujitegemea, aliyoitangaza Machi 1967, ilirudisha shamba shuleni. Jembe likaingia, hadithi ya jioni ikabaki mekoni kwa bibi.

Karibu nusu karne ikapita. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliogharimiwa na Uingereza na kufika mikoa kadhaa, Mara ukiwamo, ulifungua madarasa ya utayari kwa watoto waliokosa elimu ya awali, wengi wao wasiosema Kiswahili nyumbani. Kwa majuma machache walifundishwa kwa hadithi, nyimbo na michezo, na walimu wao walikuwa vijana wa kijiji hicho hicho, wanaojua mtoto analiaje. Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 nao ukaweka kuhusiana na wenzake na stadi za kisanii miongoni mwa umahiri wa mtoto.

Lugha ya kufundishia ikabaki Kiswahili. Mtoto wa Butiama aliyechora mbuzi aliyepotea huulizwa na mwalimu, "Unajisikiaje?" Jibu analo tayari, kwa Kizanaki.